Nilitangaza Mashine ya Bure Nikijua Siku Hiyo ni Sabato

Admin, jina langu liweke mfukoni, maana hapa Keroka sauti yangu inajulikana kuliko sura. Nina miaka ishirini na mbili, shule niliiacha kidato cha pili (au yenyewe iliniacha, tusigombane), na kazi yangu ni kushika spika nje ya duka la vifaa vya kilimo. Nikianza kuongea, hata mtu aliyetoka kununua chumvi anajikuta ameshika jembe. Sijisifu, ulizeni sokoni. Lakini wiki hii maneno yangu yamenirudia.

Ijumaa bosi alinuna kwamba watu wanapita tu hawaingii. Nikajitungia langu, nikatangaza: "Mtu wa kwanza kufika hapa kesho saa mbili asubuhi na mashine yake kuukuu ya kukatia ng'ombe nyasi, anapewa hii mpya ya mota, bure. Iko hapa mlangoni, njoo uiguse." Watu wakajaa hadi barabarani, na duka likauza. Bosi alipotoa macho nikamnong'oneza: kesho ni Sabato, wafugaji wetu karibu wote ni Wasabato, watakuwa kanisani saa hiyo, nani atabeba chuma? Akacheka. Mimi nikajiona profesa.

Jumamosi, saa mbili kasorobo, nikamkuta mama mmoja mjane wa Nyansiongo amekaa juu ya mashine yake kuukuu, amevaa nguo za kanisani, mkono umefungwa kitambaa. Alinisikia sokoni, akakodi pikipiki alfajiri. Hiyo mashine ilimkata vidole viwili.

"Omwana one, mwanangu, nimefika," akasema. "Tangu nibatizwe sijawahi kukosa Sabato. Leo nimekosa, kwa sababu ya neno lako."

Nikaingia ndani kumwita bosi.

Bosi akatoka. "Mama, hilo ni tangazo tu. Tangazo la duka si mkataba. Hata nikiandika bei ukutani, nakukaribisha tu, naweza kukataa kuuza."

Mama hakubishana. Akampigia binti yake anayesomea sheria, akaweka simu sauti kubwa. Binti akaongea polepole mpaka nikaogopa: "Kwa bei ya ukutani uko sawa, mzee. Lakini kijana wako aliahidi. Alisema wa kwanza, saa fulani, alete kitu fulani, apewe kitu fulani. Mama amefanya yote. Hiyo ahadi inawafunga."

Sasa bosi amegeuka. Anasema mimi nilitangaza "atapunguziwa bei", na nikaseme hivyo kwa chifu, ambako kesi itasikizwa Alhamisi. Walionisikia ni wengi, lakini mama hataki mashahidi wala mahakama. Amesema, "Huyo kijana ale emuma mbele ya watu kwamba hakuahidi. Akila, narudi kwangu na chuma changu."

Kwa msiojua, emuma ni kiapo chetu Wakisii. Ukiapa uongo hakikuchukui peke yako, kinafagia na nyumbani. Ndugu ya babu yangu aliapa hivyo juu ya mpaka wa shamba. Leo pale palipokuwa boma lake pamepandwa majani chai, na si ya watoto wake, maana hakubaki hata mmoja.

Mamangu ameshaniambia, "Ukiapa usikanyage hapa. Una wadogo zako wawili." Bosi naye amesema nisipoapa kazi sina, na hiyo mashine nitailipa mimi. Jana nilijifungia stoo nijaribu maneno ya kiapo, ulimi ukakauka katikati. Mimi huyu, ambaye hata mnada wa mbuzi nimewahi kuusimamisha kwa kelele.

Ninapoandika hivi bosi amenitumia ujumbe: "Alhamisi vaa shati safi, na wakati wa kuapa usinitazame."

Wanasheria mlio humu, waumini, Wakisii wenzangu, nichekeni baadaye. Kwa sasa niambieni, nikiitwa mbele niseme nini?