Nahodha Anayetazama Nyuma

Mashua yenyewe ilikuwa ya kupulizwa, ya mpira wa kijivu wenye viraka saba, na kutoka mdomoni hadi kwenye injini haikuzidi hatua sita. Hata hivyo aliyeiendesha aliitwa Nahodha. Jina hilo alipewa na Fundi, mtu mwenye domo refu anayeshona tiara zilizochanika kwenye banda la vifaa. Siku hiyo mafuta yalimwishia Nahodha karibu kabisa na ufukwe, akashuka, maji yakimfika magotini, akaivuta mashua kwa kamba kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

"Jamani pisheni njia!" Fundi akapaza sauti. "Nahodha amerudi kutoka safari za mbali!"

Watu wakacheka, jina likaganda, na baada ya miaka kumi na mmoja hakuna aliyekumbuka kwamba lilianza kama kejeli.

Shule ya kuteleza majini kwa tiara ilikuwa kando ya ziwa pana lililozibwa na ukuta wa bwawa la umeme upande mmoja na vilima upande wa pili. Kila siku, saa nane mchana, upepo ulishuka kupitia pengo la vilima kana kwamba kuna mtu aliyefungua mlango. Hapo wanafunzi walijifunga mikanda mipana viunoni, wakainua tiara kubwa kama paa la chumba, wakaingiza miguu kwenye vishikizo vya ubao na kuvutwa juu ya maji. Kuvutwa si kazi. Hata gunia linaweza kuvutwa. Kazi ni kurudi. Upepo humsukuma kila mtu upande mmoja tu, na asiyejua kuusimamisha ubao kwa ukingo wake, kisigino kikibonyeza na mwili ukijinyoosha kinyume cha mvuto, huteleza chini, chini, mpaka kwenye matete ya ukutani.

Kule kwenye matete ndiko Nahodha alikokuwa na ofisi yake. Aliwafuata, akawapandisha na ubao wao na aibu yao, akawarudisha. Kwa miaka ile alikuwa ameshukuriwa kwa lugha tisa na kutukanwa kwa lugha kumi na moja, na zote alizielewa.

Alikuwa na jicho. Hakuwatazama watu, alitazama povu lao. Ubao uliolala huacha nyuma yake povu nene, pana, lisilo na mpango. Ubao unaokata huacha mstari mwembamba, na maji hurukia pembeni kama yamechanwa kwa wembe. "Yule wa kofia ya njano anaondoka," angesema, na kuwasha injini, wakati yule wa kofia ya njano bado anapunga mkono kwa furaha. Dakika tano baadaye, matete. Hakukosea hata siku moja. Na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga ubao.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya mambo haya, mke wake alikwenda kwa dada yake kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akapiga simu. Nahodha alikuwa amechuchumaa, anapima oili ya kuchanganya na petroli.

"Nadhani nitabaki huku," mke akasema. Hakulia, hakugomba.

"Sawa," Nahodha akasema.

Akamaliza kupima oili, akakaza kifuniko, akaingia majini. Siku ile aliokoa watu wanne. Jioni alikula, akaoga, akalala. Alingoja kitu kije, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno anavyopapasa shavu kwa ulimi, akingoja maumivu. Hakikuja. Kitana cha mke wake kilibaki dirishani. Kila Jumamosi Nahodha alifuta vumbi, akakizunguka kwa kitambaa, akaendelea. Akiulizwa habari, alisema sawa. Akiambiwa pole, sawa. Chumvi imezidi? Sawa.

Aliishi na binti yake katika vyumba viwili vya shule, nyuma ya banda. Binti alikuwa mwalimu hapohapo, hodari, mwenye sauti ya kufika ng'ambo.

Basi asubuhi moja Meneja, mama mnene mwenye filimbi shingoni ambaye hakupenda maneno mengi, aliwakusanya.

"Wenye ziwa wamepiga marufuku injini za mafuta. Maji haya yananywewa mjini. Mwisho wa mwezi mashua inaondoka. Kuokoa kutafanywa kwa tiara na ubao, kwa hiyo kila mfanyakazi wa majini atapimwa. Unatoka kwenye bendera nyekundu, unalizunguka boya la njano, unarudi kwenye bendera au juu yake, upande upepo unakotoka. Ukitua chini ya bendera, umeshindwa. Kutembea hakuna."

Watu hawakumtazama Nahodha, na namna walivyojizuia ilikuwa mbaya kuliko kumtazama.

"Na asiyeweza?" Fundi akauliza, kwa sababu lazima mtu aulize.

"Nitatafuta anayeweza," Meneja akasema. Akaongeza, kwa sauti ya chini: "Pamoja na vyumba, Nahodha. Samahani. Vyumba ni vya mtu wa majini."

"Binti yangu ni wa majini."

"Mwalimu ana kitanda kule bwenini. Vyumba vya familia ni vya mwokoaji. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sawa," Nahodha akasema.

Binti akamgeukia kama aliyepigwa kofi. "Sawa? Baba, sawa nini?"

Wakaanza jioni ileile. Wiki ya kwanza ilikwenda yote kwenye mikono. Mwenye injini ya mkono, akitaka kwenda kulia, huusukuma mkono kushoto. Nahodha alifanya hivyo miaka kumi na mmoja mpaka kikawa kitu cha mifupa. Lakini mpini wa tiara hauna ujanja huo: ukitaka kulia unavuta kulia. Kila tiara ilipoanza kuyumba, mikono yake ilitenda kama mashuani, na tiara ikapiga maji kwa kishindo kilichowatoa ndege kwenye matete.

"Hiyo ya tatu leo!" Fundi akaita kutoka mlangoni, sindano mdomoni. "Nahodha, nionee huruma, uzi umebaki kidogo!"

Wiki ya pili mikono ilitii. Akasimama juu ya ubao, akaenda. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye matete.

"Unakaa kama uko chooni!" Binti alikuwa nyuma yake, juu ya ubao wake, akipiga kelele. "Nyoosha kiuno! Kitovu mbele! Usikunje magoti, Baba, jilaze kwenye mkanda, utakubeba!"

"Mwache mzee, labda ana haja!" Fundi akadakia.

Alirudi kwa miguu, ubao kwapani, njia nzima ya ufukwe. Aliwapita wanafunzi aliokuwa amewatoa kwenye matete yaleyale. Mmoja akajitia anafunga kamba ya kiatu, ingawa hakuwa na viatu. Nahodha aliona, akaendelea. Angeweza kuona aibu. Ndani yake palikuwa na nafasi ya aibu hiyo, imefagiliwa, lakini haikuingia.

Wiki ya tatu alinyoosha kiuno. Magoti yalikaa vizuri, tiara aliiweka chini kiasi, si juu ya utosi, akauacha ubao ushike kasi kwanza ndipo aubonyeze kwa visigino. Yote alifanya kama alivyoambiwa. Na kila safari, baada ya hatua hamsini za mstari mwembamba, povu likavimba, ubao ukalala, matete.

"Sielewi," Binti akamwambia Fundi bandani. "Anaanza vizuri, halafu ni kama mtu amemvuta koti."

Fundi alikuwa anashona bila kuinua kichwa. Alikuwa ameyatazama yote kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. "Shingo," akasema. "Mtazame shingo. Anageuka kama bundi."

Kesho yake Binti akamtazama shingo. Ni kweli. Kila baada ya hatua hamsini Nahodha aligeuza kichwa nyuma. Bega likafuata kichwa, kiuno kikafuata bega, visigino vikaachia, na ubao ukalala kifudifudi kama mbwa anayeota jua.

Wakakaa kwenye mchanga, maji yakiwachuruzika.

"Kwa nini unatazama nyuma?"

Nahodha akafikiri. Hakuwa amejua kwamba anafanya hivyo. "Mtu ninayemwokoa huwa nyuma," akasema. "Namvuta. Nisipogeuka, sijui kama bado yupo. Halafu natazama povu langu. Nione kama nakata."

"Huhitaji kuliona, Baba. Utasikia miguuni. Ukingo ukishika, maji yanakusukuma kisiginoni, yanatetema. Utajua."

"Sisikii kitu miguuni."

Alisema kama mtu anayesema hakuna sukari. Binti akachora mstari mchangani kwa kidole, akaufuta.

"Tangu lini?"

Nahodha aliinua bega moja, akalishusha. Tiara za watu zilipita mbele yao, nyekundu, kijani, kijani.

"Na mimi nimekuwa nyuma yako muda wote huu," Binti akasema mwishowe, polepole, kama anayejisomea barua. "Napiga kelele nyuma yako. Ungeachaje kugeuka? Kesho nitakwenda mbele. Unitazame mimi. Na nikiwa sipo, tazama kilele cha kilima kilicho juu ya bendera. Siyo bendera, usiitazame kabisa. Kilele."

"Sawa."

Siku nne zilibaki. Kwa siku tatu alimtazama mgongo wa binti yake, fulana yake ya machungwa na kisogo chake. Siku ya kwanza matete yalimkosa kwa hatua kumi. Ya pili, hatua arobaini. Ya tatu alitua chini kidogo tu ya bendera, na Fundi akapiga makofi mawili halafu akajirudi.

Siku ya kipimo upepo ulikuwa wa vipande: mara umejaa, mara umekatika. Meneja alisimama chini ya mwavuli, filimbi mdomoni. Filimbi ikapulizwa, wakatoka, Binti mbele, Nahodha nyuma. Kwenda kwenye boya alisukumwa chini kidogo, kwani upepo ulipomjia kwa fujo alivuta mpini badala ya kuusukuma. Kwenye boya alitumbukia mpaka masikioni, akainuka, akageuza ubao upande wa pili. Sasa kurudi.

Walikuwa nusu ya njia, chini ya kivuli cha kilima, upepo ulipokatika. Tiara ya Binti, iliyokuwa ya kwanza kuingia kwenye utupu ule, ililegea, ikashuka taratibu kama nguo iliyodondoka kambani. Binti akazama hadi mabegani. Nahodha aliona, akaizungusha tiara yake chini na juu, chini na juu, isikae kimya, kama alivyofundishwa, ikabaki hewani. Akampita hatua tatu kando yake. Macho yao yalikutana.

"Usigeuke!" Binti akaita. "Baba, mimi mzima! Kilele!"

Halafu akawa nyuma.

Kila kitu ndani ya Nahodha kilijua la kufanya: kichwa kushoto, tazama mtu, rudi. Mtu yuko majini nyuma yako. Alijua pia kwamba mtu huyo amevaa koti la kuelea, ni mwalimu, ameinua tiara kutoka majini mara elfu. Aliyajua yote mawili na shingo ikawa inasubiri aamue. Akashika kilele kwa macho. Kilikuwa na mti mmoja na mnara wa simu. Akatazama mnara.

Upepo ukarudi wote kwa pamoja. Akajilaza kwenye mkanda, akausukuma mpini, akabonyeza. Povu lake hakuliona. Chini ya kisigino cha mguu wa nyuma kulikuwa na mtetemo mwembamba, usiokoma, kama injini iliyo mbali sana, chumba cha tatu au cha nne. Hakujua kama ndio wenyewe. Akabonyeza zaidi, ukapanda. Akalegeza, ukashuka. Akabonyeza tena.

Mchanga ukagusa ubao. Akashusha tiara, akasimama akitazama kilima, mgongo kwa ziwa. Fundi alikuwa tayari anapiga hatua kutoka kwenye bendera, miguu mirefu kama ya korongo.

"Kumi na moja!" akapaza sauti. "Kumi na moja juu ya bendera! Na hatua zangu ndefu, Meneja, usiseme nimempendelea!"

Meneja akaandika, akachana karatasi kwenye daftari, akampa. Nahodha hakuisoma.

"Naweza kugeuka sasa?" akauliza.

"Eh? Geuka, bwana, nani kakukataza?"

Akageuka. Binti alikuwa anakuja, tiara juu, povu lake jembamba kama uzi, mdomo wazi kwa kitu ambacho kutoka mbali kingeweza kuwa kicheko au tusi. Akatua, akautupa ubao, akamfikia akihema.

"Hukugeuka."

"Ulisema nisigeuke."

"Unajisikiaje?"

"Sawa."

"Baba!"

Nahodha akatazama miguu yake, myeupe kwa kulowa, mchanga hadi vifundoni. "Visigino vinawaka moto," akasema.

Binti akamtazama kwa muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili. "Na nini tena?"

"Mapaja."

"Na nini tena?"

Kule bandani watu wawili walikuwa wanaipandisha mashua ya viraka saba kwenye mkokoteni, na Fundi akiwaelekeza kwa makelele bila kuombwa. Nahodha aliwatazama mpaka wakaifunga kamba ya mwisho.

"Ngoja kidogo," akasema. "Bado natafuta."