Togwa ya Gertrude na Kisanduku cha Winifrida

Winifrida ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mpepai. Alipohamishiwa maabara ya Mbamba Bay hakujua hata kutoa mwiba wa samaki mdomoni. Kila alipokuja kwetu Mbaha, kando ya ziwa, kuchota sampuli za maji, alifikia kwa dada yangu Gertrude, mpishi wa shughuli zetu zote, naye ndiye aliyemfundisha kula samaki. Tulimcheka sana. Mmatengo wa milimani na ziwa wapi na wapi! Alicheka nasi, huku mkono ukirudi kwenye usipa, dagaa wetu wa ziwani.

Serikali ilipotoa fedha za mashine yake, ile inayosoma vinasaba vya vijidudu na kuvitaja kwa majina, maneno yalikuwa mengi. Tuliomba mtambo wa barafu ya samaki, tukaletewa kisanduku cheupe chenye ukubwa wa redio. Mwenye ulimi mkali kuliko wote alikuwa Mzee Hamphrey.

"Fedha ya umma inawajengea wadudu nyumba!" alisema, na mkutano ukaangua kicheko.

Basi Hamphrey akamwoza mwanawe wa kiume, na Gertrude akapika togwa, kile kinywaji cha unga na kimea. Kesho yake nusu ya wageni walikuwa wakiharisha na kutapika, na bibi harusi mwenyewe katundikiwa dripu. Hamphrey akatangaza kwamba Gertrude katia sumu, kwa kuwa binti wa Gertrude ndiye aliyetarajiwa kuolewa na kijana yule. Vijana walikusanyika kwenda kuchoma nyumba ya Gertrude. Polisi wakamchukua dada yangu kwa usalama wake. Niliogopa, wala sioni haya kusema. Hata akiachiwa, jina lisiposafishwa asingeishi tena Mbaha.

Winifrida alipofika, kina mama walikuwa wameshaanza kuosha vyungu.

"Acheni!" alifoka. Sikuwahi kumsikia akifoka.

Alichota togwa iliyobaki, akachota na maji yaliyokuwa kwenye ndoo ya jikoni, akafunga chupa mbele ya polisi. Kisha akamgeukia Hamphrey.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe unakula kwake. Nitakuaminije?"

"Usiniamini, mzee. Weka sahihi yako juu ya lakiri, halafu twende wote Mbamba Bay uone ikifunguliwa."

Akaenda, tena kiti cha mbele. Jibu lilitoka siku ileile: kipindupindu. Kilikuwa kwenye vinyesi vya wagonjwa, kwenye togwa, na kwenye ile ndoo ya maji ya ziwa, vinasaba vilevile. Sampuli nyingine zilipelekwa kwa wakemia wa serikali kutafutwa sumu. Haikupatikana.

Kwetu wageni wakizidi, mwenye shughuli huongeza maji kwenye togwa. Mgeni kuondoka na koo kavu ni aibu ya ukoo mzima. Gertrude alikuwa ameshawaeleza polisi nani aliyeongeza, lakini neno la mtuhumiwa nani alisikie?

Winifrida alirudi Mbaha akaeleza majibu mbele ya watu wote, kisha akauliza, "Maji haya yaliingiaje kwenye togwa iliyochemshwa?"

Hamphrey alitazama viganja vyake.

"Niliyamimina mimi," alisema. "Gertrude alitaka yachemshwe kwanza. Nikamwambia nimeyanywa tangu utotoni."

Dada yangu alirudi nyumbani jioni ile. Bibi harusi alipona, na wagonjwa wote pia, maana dawa ilijulikana mapema. Mtambo wa barafu bado nautaka, msinielewe vibaya. Lakini nikipita pale maabara natembea kifua mbele, nikijua kodi yangu imo mle ndani.

Shughuli iliyofuata ilikuwa ubatizo. Hamphrey alipasua kuni za kuchemshia maji kwa mkono wake, bila kuombwa. Togwa ilipoletwa, hakuna aliyesogea. Gertrude alisimama na kata mkononi. Nikamwona Winifrida akiinuka ili awe wa kwanza.

Hamphrey akamtangulia. Alikunywa mpaka chini, akanyoosha tena kikombe.

"Niongezee, mama."

Winifrida ikambidi apange foleni.