Maua ya Mkurugenzi Kwenye Chumba cha Seli

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mtafiti katika hospitali kuu. Mtaani wanamwita Mama Seli, maana iwe harusi au msiba, hakai mpaka mwisho. Anaaga akisema seli zake zina njaa. Mama mkwe kachoka naye.

"Wenzako wanawahi kunyonyesha watoto, wewe unawahi kulisha vijidudu!"

"Si vijidudu, mama. Ni seli."

Siku moja namnyonyesha mwanangu, Wifi akanieleza taratibu. Ndani ya titi kuna seli chache sana zinazoitwa seli shina. Hizo ndizo zinazozaa nyingine, na mimba ikiingia huchangamka kuandaa njia za maziwa. Yeye anatafuta kujua kwa nini baadhi zikiharibika hazikomi kuzaana, na kama ndizo zinazojificha dawa ikipita, halafu saratani inarudi. Seli zake zilitoka kwa akina mama waliofanyiwa upasuaji wa titi, wakakubali kipande kichukuliwe.

"Wengine hawapo tena, wifi. Hizi zikifa, nitamwomba nani?"

Nikamsogeza mwanangu karibu zaidi.

Basi ikatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kuuona utafiti. Mkurugenzi wa hospitali alitaka picha nzuri, na kwake picha nzuri haikosi mama na mtoto mchanga. Ndivyo nilivyojikuta maabara, gauni la kuazima mwilini, mtoto begani, naambiwa nitabasamu ila nisizidishe.

Tulipofika, Wifi alifungua chumba chake akashika kichwa. Lile kabati lenye joto kama la mwili, ambamo seli hulelewa, lilikuwa limezungukwa na vyungu vya maua, udongo bado unachuruzika maji, Mkurugenzi kasimama pembeni akivitazama kwa fahari.

"Bosi, udongo una ukungu! Ukiingia kwenye seli, zote kwisha!"

"Ukungu uko wapi? Mimi naona maua."

"Hauonekani kwa macho, bosi."

"Sasa kisichoonekana kitaharibu picha vipi?"

Wifi akavaa glavu. Alizifunga seli ndani ya boksi, akazikimbiza kwenye kabati la chumba cha jirani, akafunga mlango kwa ufunguo. Huku kwenye maua akaacha visahani vyenye maji ya kulishia seli tu, mekundu kama juisi, bila hata seli moja.

Mgeni rasmi alikuja na msafara wake. Akainama kwenye hadubini iliyowekewa kisahani kimojawapo, jicho kalibandika kabisa.

"Naziona! Nyeusi, zina miguu mirefu! Na zinacheza!"

Mkurugenzi naye akachungulia. "Kweli kabisa, Mheshimiwa. Leo zimechangamka kuliko jana."

Makofi. Wifi akaninong'oneza, "Wanaona kope zao wenyewe." Niliuma ncha ya mtandio nisicheke. Mpiga picha akasema hapo hapo mama, usilitoe hilo tabasamu.

Mgeni rasmi akasafisha koo. "Nimeshuhudia mwenyewe. Seli hizi zimestawi kwa sababu ya mazingira mazuri. Naagiza kila chumba cha maabara kiwekwe maua!"

Hata gari lake halijatoka getini, toroli la vyungu likasimama mbele ya chumba cha jirani. Mkurugenzi akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Wifi akaegemeza mgongo mlangoni. Hakubanduka.

"Bosi, leo hamkuona seli. Mmeona kope zenu."

"Kope?"

"Kope. Nenda ukaangalie tena, ufumbe na kufumbua jicho, uone zinavyocheza."

Mkurugenzi akarudi kwenye hadubini, akainama. Kupitia mlango uliobaki wazi tukaona mabega yake yanashuka polepole. Aliporudi hakuuliza habari za seli hata kidogo.

"Nani mwingine anajua?"

Wifi akanitazama. Nikampakata mwanangu vizuri.

"Mimi sijui kitu, baba," nikasema, "mradi udongo usiingie humo ndani. Na huyu bado hajaanza kusema."

Mkurugenzi akavuta koti lake likae sawa, kisha akamgeukia mwenye toroli.

"Wewe! Nani kakutuma ulete udongo maabara? Hujui kuna ukungu?"