Mume wangu alivyomwita mjomba wangu "subordinate" mbele ya wageni

Wakuu, hamjambo huko mliko?

Nimeona kijana anauliza maana ya neno subordinate, mkamrundikia tafsiri za dictionary. Mimi ni bibi yenu, mwalimu mstaafu. Neno hilo nusura livunje ndoa yangu. Nasimulia lilivyotokea, chumvi sitii.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, tunakaa kijiji cha Ziwani, Mtwara.

Kwa desturi yetu mwanamume akioa anahamia kwa mkewe, na mwenye kauli ni mjomba wa mke. Mjomba wangu Hamisi ndiye aliyeipokea posa ya mume wangu Rashidi, na ndiye angeweza kumrudisha kwao. Mkwe analima shamba la mjomba mpaka mjomba aridhike.

Sasa balaa: wote wawili walikuwa ofisi moja ya serikali, Mtwara mjini. Rashidi karani, mjomba tarishi, mpeleka barua. Asubuhi wanaongozana na baiskeli zao, mjomba mbele, mkwe nyuma. Kumpita mjomba njiani ni kukosa adabu.

Mara Rashidi akapandishwa cheo, akawa mkuu wa ofisi. Akapewa kiti cha kuzunguka na kengele mezani. Kengele hakuthubutu kuigusa. Utampigiaje mjomba kengele? Alikuwa anakohoa, anakohoa, mpaka mjomba ajisikie kuingia.

Siku moja wakaja wageni kutoka Dar. Kiingereza kikampanda mume wangu kichwani, akamwonyesha mjomba kwa kidole: "This is my subordinate."

Mjomba akauliza kwa upole maana yake. Rashidi badala ya kudanganya kidogo, akaeleza vizuri kabisa: mtu aliye chini yangu, anayepokea amri zangu.

Mjomba akachukua mafaili, akaenda zake.

Jioni akaniita, akatoa amri. Jumapili mkwe apalilie shamba lote la mihogo peke yake. Asipomaliza, afungashe nguo arudi kwao. Wakuu, nililia. Nilikuwa nampenda yule mwanamume pamoja na ujinga wake.

Jumapili Rashidi akaingia shambani na shati la ofisini (sijui alitaka kumtisha nani). Kufika adhuhuri viganja vyote malengelenge. Nikashika jembe nimsaidie, mjomba akanirudisha jikoni.

Alasiri mjomba akapita na majirani, akamwonyesha kwa kidole vilevile. "Huyu ni sabodineti wangu."

Majirani wakadhani ni cheo kipya, wakampa mkono wa hongera. Nilicheka mpaka ugali ukaungua.

Magharibi akamaliza. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Jumatatu mgongo wa Rashidi haunyooki, akachelewa kutoka, mjomba akatangulia. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia: alimkuta mjomba mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi.

"Bwana mkubwa, nipe barua nipeleke. Na kengele piga, kukohoa huko kutakuletea kifua."

Akapokea barua, akageuka kidogo.

"Kazi ikiisha, tutaonana Ziwani."

Kwa hiyo kijana, subordinate ni mtu wa chini yako mahali fulani, saa fulani. Kabla hujalitamka, kumbuka jioni unalala kwa nani.

Haya, nani humu bosi wake ni mkwe wake? Semeni, nawasoma. Rashidi yupo nje anapalilia, na leo hakuna aliyemtuma.