Barua ya Tumbo

Mimi nilifika darasa la sita, na hilo la sita sikulimaliza. Kwa hivyo mwenye kusoma akiona mahali nimepinda, aninyooshe polepole. Lakini walionikosea nawajua mmoja mmoja, na kujua hivyo hakuhitaji masomo. Majina nimeyaacha. Mmoja tunaketi naye kanisani, mwingine ni nyanya ya watoto wangu.

Nilikuwa mchaguzi wa mbegu katika kampuni moja hapa Kitale. Mahindi yanapita juu ya mkanda, wanawake mmesimama huku na huku, unatoa iliyooza, iliyovunjika, iliyobadilika rangi. Unasimama tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja. Chumba cha pili ndiko mbegu zinapakwa dawa nyekundu, na vumbi la hiyo dawa linakaa kwa nywele, kwa kope, hata ukipenga kamasi unaona rangi.

Tulikuwa vibarua wa miezi mitatu. Mitatu ikiisha unaambiwa ukapumzike wiki mbili. Unakaa nyumbani na simu mkononi, wakikupigia unarudi na kuandikwa upya kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale. Mimi niliandikwa upya hivyo miaka minne. Na yule ambaye tumbo lake limeonekana hakufukuzwa na mtu. Simu yake tu ndiyo haikulia.

Ndiyo sababu tulijifunga. Nitaeleza vile tulivyofanya kwa sababu wanaume wenye ofisi hawajui. Unachukua leso moja, unaikunja kwa urefu, unaanza chini ya kitovu, unazungusha mara tatu huku umevuta pumzi ndani. Fundo unaliweka ubavuni. Likikaa mbele litachomoza na umekwisha. Juu yake dasti koti, lile koti la kazi, ya mtu aliyekuzidi mwili. Wakubwa walituonyesha chooni, sisi tukaonyesha waliokuja nyuma yetu.

Ule mwaka ninaousema, kulikuwa na arusi ya shemeji yangu nyumbani kwa wakwe zangu, Kamukuywa. Tulikuwa nyuma ya jiko wanawake wengi, tunamenya viazi. Wifi yangu, dada ya mume wangu, alikuwa anakata vitunguu na miwani yake. Yeye ni mwalimu wa shule ya serikali kule Bungoma, na alikuwa amejifungua mwaka uliotangulia. Akaanza.

"Mimi miezi mitatu nililala kwangu nikinyonyesha, na mshahara unaingia wote. Hata senti haikukatwa."

"Wewe una serikali," akasema mama mmoja jirani, ambaye anauza katika duka la vitambaa la Wahindi mjini Bungoma. "Mimi Mhindi wangu alinipa mwezi mmoja. Halafu mama yake, yule mzee wa kutembea na fimbo, akaniletea shuka ya mtoto na vitu fulani vya sukari na siagi, ati ni dawa ya mgongo. Mgongo ilipona, siwezi danganya. Mwezi wa pili na wa tatu ndiyo sikuona."

Tukacheka. Msichana mmoja aliyekuwa amewahi kufanya kazi ya nyumba akasema, "Nyinyi mlipata. Mimi nilipewa sabuni ya unga."

"Kubwa ama ndogo?"

"Ile ya kufua mara moja, bana. Na ilikuwa nyumba ya mwalimu. Sisemi nani."

Wote wakamwangalia wifi yangu. Yeye akainama kwa vitunguu vyake, akasema vinamchoma macho. Hapo ndipo watu walicheka mpaka mmoja akaangusha sufuria.

Wifi akataka kubadilisha maneno, akanigeukia mimi mulamwa wake, ndiyo kusema mke wa kaka yake. "Na nyinyi wa mbegu, mulamwa? Kwenu wanalipa namna gani?"

"Kwetu hakuna kuzaa," nikasema.

Ilikuwa mzaha na wakaicheka, lakini wakati huo mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne chini ya leso. Waliojua ni wawili, mume wangu na mama yake. Wifi nafikiri alinusa, maana aliacha kisu akaongea polepole, vile anavyoongea na watoto wa shule.

"Sheria haibagui kibarua. Miezi mitatu ni yako. Lakini lazima uandike barua, siku saba kabla hujaenda, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukinyamaza huna kesi. Unanisikia?"

Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele kando. Akasimamisha ungo.

"Balua ya nini?" akasema. "Nani ameona tumbo inaandikiwa balua? Unaita watu waje wakuangalie? Iliyopita tulitangaza. Mkasahau tulizika nini?"

Alikuwa anasema ile mimba yangu iliyotangulia. Ile nilikuwa nimewaambia akina mama wa kanisa mapema, wakanichangia nguo za mtoto, na mtoto akatoka wa miezi saba amekufa. Kwetu tumbo halisemwi. Mtu akiona ameona, akiuliza unamwambia umekula viazi. Mama mkwe aliamini nguo zile ndizo zilimwua mjukuu wake, na mimi pia, nisijifanye mjanja leo, niliamini. Barua nikaiona ni kama zile nguo. Karatasi ya kumtaja mtoto kabla hajafika, ikae ofisini, kila karani aisome.

Kwa hivyo sikuandika. Hapo namtaja mama mkwe, na hapo hapo najitaja mimi.

Nilifanya kazi nimejifunga mpaka mwezi wa tisa. Nilikuwa mwembamba, na koti lilikuwa kubwa. Maji yalivunjika nikiwa kwenye mkanda, karibu na saa ya chai. Supavaiza wetu, mama wa kwaya, sauti ya kwanza, akaja akaangalia sakafu, kisha akaniangalia mimi.

"Na hii ni nini? Wewe kumbe una mimba?"

"Nisaidie, mama."

"Toka kwa mbegu kwanza. Zitalowa."

Huyo namtaja. Si kwa sababu alinifukuza. Ni kwa sababu yeye mwenyewe alijifunga kwa watoto wawili, na leso ya kwanza niliyofunga ni yeye aliyenionyesha.

Mtoto alikuwa mvulana. Alitoka vizuri, ila damu yangu ilikataa kusimama. Nilimsikia nesi akiita mwenzake kwa haraka, halafu sikusikia tena. Niliamka nimewekewa damu ya watu nisiowajua, na mama mkwe yuko pembeni amemshika mtoto, anasema, "Unaona? Tulinyamaza na amefika." Nilikuwa nimefurahi. Nilimwambia asante.

Mtoto akiwa na siku kumi na mbili nilimbeba nikaenda ofisini kuuliza likizo yangu. Karani alifungua faili, akafunga.

"Barua iko wapi?"

"Sikuandika. Lakini si mtoto huyu hapa?"

"Mimi naona mtoto. Sioni barua. Hapa umeandikwa umetoroka kazi."

"Nilitoroka nikaenda wapi? Si niliangukia hapa hapa, mbele ya supavaiza?"

"Mwite aseme."

Aliitwa. Akasema yeye anakumbuka niliomba ruhusa ya kwenda chooni. Alisema akiangalia kalenda iliyokuwa ukutani. Karani akanionea huruma, ama aliita huruma. Akaniambia mkanda umejaa, lakini chumba cha pili wanataka mtu wa kubeba na kupanga mifuko. Nikija Jumatatu wataniandika. Nisipokuja kuna wengine langoni.

Niliporudi nyumbani mume wangu aliniuliza swali moja tu, kodi atalipa nani. Yeye alikuwa mtu wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba, na mvua ilikuwa imesimamisha mjengo. Angeweza kusema kaa, tutakula mboga. Hakusema. Namtaja yeye naye.

Jumatatu nilienda. Mtoto alikuwa na siku kumi na sita. Nilimwacha na mama mkwe na chupa ya maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Ikifika saa nne matiti yanajaa, yanamwagika yenyewe, vumbi jekundu linashika mahali palipolowa, na koti langu lilikuwa na duara mbili nyekundu mbele. Wasichana wadogo walikuwa wanatazama kando. Nikifika nyumbani, hata nikioga mara mbili, mtoto ananusa anageuza uso. Baada ya mwezi maziwa yalikauka.

Wiki ya tano nikiwa nimeinua mfuko nikasikia kitu kinashuka. Sikuwa na jina lake. Nilifikiri ni damu imerudi. Daktari ndiye aliniambia kizazi kimeshuka, akaniuliza nilipumzika muda gani, na nikamdanganya, nikasema miezi mitatu, kwa sababu niliona aibu. Nimeishi nacho mpaka leo. Sisimami saa nzima. Nikicheka nashika ukuta, nikikohoa nabadilisha nguo. Kanisani nakaa karibu na mlango. Kijana mwenyewe anaingia gredi ya tano na ni mzima, ana mbio kama swara.

Sasa nifike kwa msichana wangu, maana ni yeye amenifanya nitafute hii kalamu.

Kifunguamimba wangu ana miaka ishirini na mbili. Alimaliza fomu foo, akapata kazi ya kushika pesa katika supamaketi kule Bungoma mjini. Mkataba wa mwaka, na walikuwa wameurudisha upya mara mbili. Mwaka huu akanipigia simu akanong'ona.

"Mama, niko na miezi mitano. Kukhu ameniambia nisiseme mtu." Kukhu ni nyanya yake, ndiye yule mama mkwe. Bado ana nguvu. "Ati nivae sweta kubwa."

"Hapo kazini mwenye kuzaa hulipwa?"

"Wale wa mkataba wa kudumu walilipwa miezi mitatu. Kuna mmoja mwenye mkataba kama wangu, alilipwa mmoja na nusu. Kule supamaketi ya pili hawalipi kitu. Nimeuliza kote."

"Usiuliziane. Andika barua."

"Mama, mkataba unaisha mwisho wa mwezi ujao. Si nitulie kwanza waurudishe, halafu niseme?"

Mtoto alikuwa na akili. Nataka hilo liandikwe. Alikuwa ameona, na mimi nikamfunika macho. Nilimwambia habari ya karani na faili. Nilimwambia vile karani alisema, naona mtoto, sioni barua. Niliongea mpaka pesa za simu zikaisha, na asubuhi nikapanda gari kwenda Bungoma, mimi nisiyeweza kukaa safari hiyo bila kuteremka, nikamkalisha chini. Yeye aliandika, mimi nasema. Wifi yangu alisahihisha. Ilikuwa barua safi, ina tarehe, ina jina la daktari na siku ya kujifungua.

Meneja aliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama karibu na sabuni, namwona. Akamwambia msichana wangu hongera. Akagonga muhuri kwa nakala bila kuombwa mara ya pili. Tulipotoka nilinunua soda mbili, nikamwambia msichana, unaona sasa, si kama zamani.

Mkataba ulipoisha haukurudishwa. Nilienda tena, nikauliza.

"Hatujamfukuza, mama," meneja akaniambia kwa heshima. "Mkataba umeisha wenyewe."

"Na wale wanne walioandikwa pamoja naye, yao haikuisha?"

"Kila mtu na wake."

"Na barua?"

"Barua tuliipokea. Si una nakala?"

Huyo namtaja wa mwisho, na sijui nimtaje kwa kosa gani, kwa maana hakuna mahali alisema uongo.

Nilimwuliza wifi kama kuna kesi. Akavua miwani, akaifuta, akasema kuna kesi ikiwa tuna wakili, na wakili wa bei tunayoweza hamjui. Mama mkwe alipata habari huko Kamukuywa, akatuma maneno na mtu wa bodaboda: muulizeni mama yake kama tumbo sasa imelipwa. Baba wa mimba naye, kijana mmoja wa kuuza simu, ameacha kuchukua simu.

Msichana amerudi kwangu Kitale. Hakunilaumu. Siku moja tu, tukichambua mboga, alisema, "Mama, kama ningenyamaza wiki sita." Nikaendelea kutoa vijiti kwa mboga. Mimi nilinyamaza nikakosa, yeye akasema akakosa, na katikati ya hayo mawili sijaona mahali pa tatu pa kumwonyesha mtoto.

Wiki jana ile kampuni ya mbegu wametangaza vibarua. Wanataka wachaguzi, miezi mitatu. Supavaiza ni yule yule, bado anaimba sauti ya kwanza. Msichana ameitwa kwa sababu ni mrefu na mimba imejificha.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimemwamsha. Amesimama mbele yangu amevuta blauzi juu, mtoto anacheza, ngozi inaruka. Nimechukua leso, nimeikunja kwa urefu, nimeanza chini ya kitovu. Nikamwambia vuta pumzi. Akavuta. Nikazungusha mara tatu. Akaniuliza kama inamuumiza mtoto, na nikamjibu vile nilivyojibiwa mimi, kwamba waliomtangulia walifungwa na si hao wanakimbia. Nakala yenye muhuri iko kwa Biblia, haijakunjika.

Fundo nimeliweka ubavuni.