Funza Aliyefungwa Uzi Siku ya Hitima

Jumamosi jioni.

Dada Rehema, leo nusura mwanangu aitwe mchawi kwenye hitima ya baba yake.

Wifi yangu Mwajuma, aliyekuja asubuhi kutoka Titye, aliingia jikoni kutafuta chumvi.

Akatoka na chupa. Ndani kuna funza wa nzi, kafungwa uzi katikati. Mbele kahawia, nyuma mweupe.

"Mama we! Nani anamfunga kaka yangu mpaka kaburini?"

Wifi uso kaukunja vilevile kama marehemu chai ikikosa tangawizi.

Binti yangu Zuhura akasogea. "Shangazi, ni zoezi la baiolojia."

"Baiolojia ya uzi?"

"Homoni ya kumgeuza inatoka upande wa kichwa. Ikifika inaamsha jeni kwenye kromosomu, ngozi inakuwa ngumu, anaanza kugeuka nzi. Uzi umeizuia isipite."

"Kwa hiyo huku nyuma kumekufa?"

"Hapana, kuko hai. Hakujapata habari tu."

Wifi akaitazama chupa. Nilidhani ataivunja.

Akakaa mkekani.

"Kama mimi," akasema. "Mlimzika adhuhuri, mimi napalilia maharage, najua kaka yangu yupo."

Siku ile tulimpigia sana, simu haikupatikana, na sisi maiti hatumcheleweshi. Lakini ungekuwa wewe, ungemjibu hivyo?

Zuhura akaketi karibu yake, akamshika mkono.

Mkituombea leo, tukumbukeni sote, na wifi Mwajuma mumtaje kwa jina.