Vipara Vidogo vya Farasi Ukungu

Siku yangu ya kwanza kazini, nyapara wa mabanda hakunipa brashi wala ndoo. Alinisimamisha ubavuni mwa farasi, akaniambia nifumbe macho na nipitishe kiganja mgongoni, kwanza kwa kufuata manyoya, kisha kinyume chake. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, na kichwani nilikuwa na ndoto moja tu: kumpanda farasi hadi ukingoni mwa milima, mahali ambapo nyika inaonekana chini kabisa na mawingu yanapita kati yako na hiyo nyika. Nyapara aliniona nikitabasamu peke yangu.

"Wewe unaota," alisema. "Ota tu, ila mkono uwe macho."

Hivyo ndivyo sisi vijana wa mabanda tulivyojifunza kuisoma ngozi ya farasi. Uvimbe mdogo, mgumu, ni kupe, na huenda bado yumo. Manyoya meupe karibu na mabega ni kovu la tandiko. Manyoya yaliyokatika shinani mwa mkia, mnyama anajikuna kwenye nguzo. Choa, kile ambacho watoto hukiita mashilingi, huacha kipara cha duara chenye magamba kama unga, nacho huambukiza ng'ombe na hata watu. Nyapara alikuwa akisema, kabla ya kuuliza alama ni ya nini, uliza iko wapi.

Uhuru ulipokuja, mwenye shamba, mlowezi wa Kizungu, aliondoka, na baadaye shamba likawa la kijiji chetu cha ujamaa. Farasi wengine waliuzwa. Alibaki mmoja, jike wa kijivu aliyeitwa Ukungu, nami nikabaki naye. Kazi yetu ilikuwa kuteremsha makopo ya maziwa hadi barabara ya Soni. Vifuniko tulivikaza kwa jani la mgomba, kama mama zetu walivyoziba vibuyu, lakini kopo la kushoto lilikuwa limebonyea mdomo. Njiani lilivuja kidogo kidogo, likimdondokea Ukungu ubavuni, nami nikitembea mbele huku nikiimba, sikujali.

Ndipo vikatokea vipara pajani mwake, vidogo, vya duara. Mwenyekiti wa kijiji aliviona, akaingiwa na hofu. Hakuwa mtu mbaya. Zizi la ndama lilipakana na banda la Ukungu, katikati mabanzi tu, na ndama wale ndio walikuwa tumaini la kijiji kizima. Alisema kama ni choa, farasi apigwe risasi kabla ndama hawajaambukizwa, kisha akaagiza Bwana Mifugo aje kutoka Lushoto.

Alikuja asubuhi, koti limelowa ukungu. Nikamwamkia shikamoo, nikampeleka bandani kwa Ukungu. Aliniona nikimpapasa, akaniuliza kwa upole mkono wangu unasemaje. Nikamwambia ngozi ni laini, haina magamba, wala Ukungu hajikuni. Akapitisha kiganja chake, akakinusa.

"Paja limelowa, mgongo mkavu," alisema. "Na vipara viko upande mmoja tu. Upande huu anasimama na nani?"

Nikamwonyesha mabanzi. Akatuambia turudi nyuma ya banda, tunyamaze.

Tulisimama pale, watatu pamoja na mwenyekiti, ukungu ukipanda kutoka bondeni kama moshi wa jiko la kuni. Punde pua moja nyeusi ikapenya kati ya mabanzi, kisha nyingine. Ndama walianza kulamba paja, halafu wakashika manyoya midomoni na kunyonya, mikia ikicheza. Ukungu, ambaye hakuwahi kuzaa, alijisogeza akaegemea mabanzi ili wamfikie vizuri, macho yamelegea nusu.

Mwenyekiti alivua kofia. Yeye ndiye aliyeamuru ndama waachishwe mapema ili maziwa yote yateremke barabarani.

"Kumbe wanafuata maziwa yao," alisema taratibu.

Bwana Mifugo hakumcheka. Alisema choa hakipo, kopo litengenezwe, na ndama waachiwe titi moja la mama zao wanyonye mpaka wakomae. Mwenyekiti akauliza, na dawa ya kupaka? Akajibiwa kwamba hiyo ndiyo dawa.

Nimestaafu siku nyingi, na farasi huku kwetu hawapo tena. Vijana wanaosomea mifugo hunijia, tunakaa nje tukiota jua la asubuhi, nao huniuliza Ukungu alipona vipi. Nawaambia hakuugua. Manyoya yaliota, kopo likaacha kuvuja, ndama wakashiba. Lakini kila asubuhi, kabla sijamtandika, nilimkuta amesimama palepale, paja kwenye mabanzi, akingoja. Nami nilimwacha angoje kidogo. Ndama mmoja alikuwa bado anakuja.